Tumaini Kwenye Ukingo wa Picha: Safari ya Usanii na Mtindo wa Wanuri Kahiu

Utangulizi

Uhakiki wa filamu nchini Kenya umezoea kuanza na maudhui na kuishia papo hapo. Filamu husemwa kuwa inahusu ndoa ya kulazimishwa, au ugaidi, au ukame, au mapenzi yaliyokatazwa, kisha mhakiki hupima iwapo ujumbe huo unaifaa jamii. Mazoea haya yamerithiwa kutoka katika uhakiki wa riwaya na tamthilia, ambamo dhamira ilitangulizwa mbele ya fani kwa muda mrefu. Hasara yake ni kubwa zaidi katika sinema, kwa kuwa huko fani ndiyo inayomfikia mtazamaji kwanza. Rangi, mwanga, umbali wa kamera na mipaka ya picha huonekana kabla kisa hakijajulikana kinahusu nini.

Makala haya yanachunguza kazi za mwongozaji filamu Mkenya, Wanuri Kahiu, yakianzia kwenye picha zenyewe. Mkazo umewekwa kwenye filamu fupi Pumzi (2009) na filamu ndefu Rafiki (2018), kwa sababu ndimo mtindo wake ulimojidhihirisha waziwazi. Hoja inayotetewa ni kwamba rangi na furaha zilizompa Kahiu umaarufu si pambo, wala si njia ya kuikimbia hali halisi. Katika kazi zake bora, furaha hupimwa daima kwa macho yanayoilinda au kuiwinda, na tumaini huja kutoka kwenye ukingo wa picha, yaani mahali ambapo jicho la mwenye mamlaka halijafika. Ikiwa hoja hii inasimama, basi filamu za Kahiu zinasema mengi kuliko tamko lake mwenyewe kuhusu sanaa ya furaha, na wakati mwingine zinalipinga.

Waliomtangulia na njia aliyoipitia

Kahiu hakuanza katika uwanja mtupu. Nchini Kenya, tofauti na nchi nyingi za Afrika, wanawake walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa filamu ndefu za kizalendo. Anne Mungai alitoa Saikati mwaka 1992, kisa cha msichana wa Kimaasai anayeikimbia ndoa aliyopangiwa na kufika Nairobi, ambako anakuta kwamba jiji nalo lina bei yake kwa mwili wa mwanamke. Wanjiru Kinyanjui alifuata mwaka 1995 na The Battle of the Sacred Tree, filamu inayomrejesha mwanamke kijijini, ambako kundi la wanawake wacha Mungu limeazimia kuukata mti wa mugumo. Judy Kibinge naye, kwa Dangerous Affair ya mwaka 2002, aliihamishia kamera kwenye tabaka la kati la Nairobi, akaonyesha wahusika wanaopenda, wanaosaliti na wanaokunywa mvinyo bila kuombwa wawe mifano ya tatizo lolote la maendeleo.

Urithi huo ulikuwa na mivutano miwili. Wa kwanza ni kati ya kijiji na jiji. Wa pili ni kati ya filamu kama somo na filamu kama starehe. Kwa miaka mingi fedha za kutengenezea filamu zilitoka kwa serikali, mabalozi na mashirika ya misaada, na mfadhili aliyegharimia filamu alitarajia filamu hiyo ifundishe kitu. Mwanamke wa Kiafrika aliingia kwenye picha akiwa mwathiriwa kwanza, mtu baadaye.

Kahiu alizaliwa Nairobi mwaka 1980. Alisomea sayansi ya uongozi katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kisha akaenda Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwa shahada ya uzamili ya filamu. Filamu yake ndefu ya kwanza, From a Whisper, iliyotoka mwaka 2008 na kushinda katika Tuzo za Filamu za Afrika mwaka 2009, inahusu shambulio la Agosti 7, 1998 dhidi ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, ambalo liliua zaidi ya watu 200. Kisa chenyewe ni cha Tamani, msanii kijana anayemtafuta mama yake, na Abu, afisa wa ujasusi anayeuvunja utaratibu wa kazi ili amsaidie, huku naye akibeba siri kuhusu rafiki yake aliyehusika katika uovu huo. Katika mwaka huohuo wa 2009 alitoa Pumzi na filamu ya hali halisi kuhusu Wangari Maathai, For Our Land. Baada ya Rafiki aliongoza Look Both Ways (2022), filamu ya kampuni ya Netflix iliyotengenezwa Marekani, inayosimulia maisha mawili sambamba ya kijana mmoja wa kike kuanzia usiku anaopima iwapo ana mimba.

Mhakiki anayetafuta umoja wa maudhui katika orodha hii atachoka: ugaidi, ukame, mapenzi, mimba. Umoja uko kwingine. Katika From a Whisper tayari kuna mambo mawili yatakayorudi. Kuna mhusika ambaye kazi yake ni kuwatazama wengine kwa niaba ya dola, naye ni Abu. Na kuna mtu anayeisukuma hadithi yote ilhali yumo nje ya picha, naye ni mama anayetafutwa. Jicho la dola ndani ya picha, na kipenzi nje yake: huo ndio mchoro wa awali wa mtindo wa Kahiu.

Pumzi: picha isiyo na mdomo

Pumzi ina urefu wa dakika zipatazo 20, nayo ilipigwa Afrika Kusini. Ulimwengu wake ni wa miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya maji. Binadamu waliosalia katika Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jumuiya iitwayo Maitu, ambamo jasho na mkojo husafishwa ili vinywewe tena na umeme hutokana na misuli ya watu wanaokimbia na kuvuta mashine. Asha, msimamizi wa jumba la makumbusho ya viumbe, anapokea kisanduku chenye udongo usiojulikana ulikotoka. Anaunusa, anaota mti, na mashine inamwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto.

Uchambuzi mwingi wa filamu hii umejishughulisha na ikolojia, na haukukosea. Mbegu anayoipanda Asha ni ndugu wa mbegu za Wangari Maathai, na jina Maitu, ambalo filamu inalieleza mwanzoni kwa Kigikuyu, linaunganisha mama, mbegu na ukweli. Hata hivyo, jambo linalomshtua mtazamaji kabla ya ikolojia ni ukimya. Wahusika hawazungumzi kwa vinywa vyao. Asha anaandika kwenye kompyuta na mashine inasema kwa niaba yake. Baraza la watawala, ambalo ni la wanawake, linamkatalia kibali cha kutoka kwa maandishi kwenye kioo. Filamu imebeba jina la pumzi, neno lenye ukoo mmoja na kupumua na kupumzika, lakini hakuna anayeruhusiwa kuitumia pumzi yake kwa maneno wala kupumzika hadi aote.

Rangi za Maitu ni kijivu, nyeupe na buluu baridi. Fremu zimejaa vioo na mistari iliyonyooka, na Asha mara nyingi huonekana kupitia kitu: skrini, ukuta wa kioo, mlango. Huu ni mtindo wa picha wa mtu anayechunguzwa. Kijani kinaingia kwa mara ya kwanza katika ndoto, yaani katika eneo pekee ambalo mashine inaweza kuligundua bila kuliona. Tofauti hiyo ni muhimu. Dola inajua kwamba Asha anaota, haioni anachokiota. Mtazamaji peke yake ndiye anayeruhusiwa kuuona mti, na kwa kuruhusiwa huko anafanywa mshirika wa kosa.

Ushirika wa pili ni wa mfanyakazi wa usafi, mwanamke wa tabaka la chini ambaye Asha aliwahi kumgawia maji yake kidogo. Ni yeye anayemsaidia kutoroka. Hakuna hotuba ya mshikamano baina yao. Kuna kutazamana tu. Baada ya skrini nyingi zinazotazama ili kuhukumu, macho ya mwanamke huyu yanatazama ili kutambua. Hapa Kahiu anagawa aina mbili za jicho, na mgawanyo huo ataurudia katika Rafiki kwa ufundi zaidi.

Mwisho wa Pumzi unastahili kusomwa polepole. Asha anatembea jangwani, anaupanda mche, anaumwagia maji yake ya mwisho na jasho lake, kisha anajilaza akiukinga na jua kwa mwili wake. Kamera inapaa. Mti unakua pale alipolala. Kamera inaendelea kupaa na kurudi nyuma, na ndipo kwenye ukingo wa picha unapoonekana msitu ambao ulikuwapo muda wote, hatua chache mbele ya pale aliposhindwa kuendelea. Wako wanaosoma mwisho huu kuwa kafara, na wako wanaousoma kuwa kinaya kichungu: laiti angetembea kidogo zaidi. Usomaji wote wawili unamtazama Asha peke yake. Kinachobadilika katika picha hiyo ya mwisho ni mpaka wake. Baraza lilikuwa limesema nje hakuna uhai. Kamera inaposogea inathibitisha kwamba lile tamko halikuwa la kisayansi bali la kifremu: waliotawala walichagua pa kuikata picha.

Rafiki: mtaa wenye macho

Miaka tisa baadaye Kahiu aliuacha mustakabali na kuingia mtaani. Rafiki imetokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena, anayeigizwa na Samantha Mugatsia, ni msichana mwenye shati na ubao wa magurudumu, anayemsaidia baba yake dukani na anayetarajia kuwa muuguzi. Ziki, anayeigizwa na Sheila Munyiva, ana nywele zilizosukwa kwa rangi za peremende na hataki kuishi maisha aliyopangiwa. Baba zao wanagombea kiti kimoja cha uwakilishi katika bunge la kaunti. Mtaa wao unaitwa Slopes.

Waliozoea kuona Nairobi ya filamu ikiwa ama vibanda vya Kibera ama maghorofa ya kioo walikutana hapa na kitu kipya. Slopes ni mtaa wa watu wa kawaida, na umejaa rangi: waridi, zambarau, machungwa, nguo zilizoanikwa, kuta zilizopakwa. Sifa hii imetajwa katika kila uhakiki wa filamu hii. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba rangi hizo zimegawanywa kwa utaratibu. Ziki ndiye mwenye rangi. Kena anazipata anapokuwa karibu naye, na kilele chake ni katika ukumbi wa disko, ambamo nyuso zao zimepakwa rangi zinazong'aa gizani. Ziki anapopelekwa London na wazazi wake, kinachoondolewa mtaani si mtu tu. Ni rangi yenyewe. Rangi katika Rafiki ni mhusika, na ina uwezo wa kufukuzwa nchini.

Utaratibu wa pili ni wa mahali. Mapenzi ya Kena na Ziki hutokea mahali pa aina mbili. Pa kwanza ni juu, kwenye paa, ambapo wawili hao wanautazama mtaa chini na kuapizana kwamba hawatakuwa kama watu wa huko. Pa pili ni ndani ya gari kuukuu lililotelekezwa, ambalo wanaligeuza kuwa chumba. Paani wao ndio wanaotazama, garini hawatazamwi. Kwingineko kote, dukani, njiani, kanisani, wanaonekana. Kituo kikuu cha kuonekana huko ni kibanda cha chakula cha Mama Atim, mwanamke mcheshi ambaye maneno yake humfikia kila mtu kabla ya chai kupoa. Mtazamaji wa Afrika Mashariki anamfahamu Mama Atim na anampenda, na huo ndio ukali wa usawiri huo. Katika Pumzi jicho la hukumu lilikuwa mashine. Katika Rafiki jicho hilo lina uso wa jirani, linacheka, linakuuliza umeshindaje.

Onyesho la kanisani linadhihirisha ufundi huo. Mhubiri anahubiri dhidi ya wanaotaka ndoa za jinsia moja, waumini wanaitikia, na Ziki ananyoosha mkono wake kuutafuta wa Kena. Kena anauondoa wake. Uzito wa mahubiri yote unahamishiwa kwenye inchi chache kati ya vidole viwili. Mwongozaji wa filamu ya ujumbe angempa Kena hotuba. Kahiu anampa mkono unaoogopa. Vivyo hivyo, baada ya umati kuwavamia na kuwapiga, faraja haitoki kwa maneno. Kijana Tom, ambaye mtaa umekuwa ukimdhihaki na kumpiga kwa kuwa anashukiwa kuwa shoga, anaketi kando ya Kena bila kusema lolote. Ni lile jicho la mfanyakazi wa usafi wa Maitu, limerudi.

Msomaji wa Kiswahili ana jambo la kuongeza kuhusu jina la filamu. Rafiki ni neno lisilofichua jinsia ya anayetajwa. Sarufi haidai kujua. Kahiu ameeleza kwamba alilichagua kwa kuwa wapenzi wa jinsia moja hulazimika kutambulishana kwa neno hilo hadharani. Kwa hiyo neno linafanya kazi mbili zinazopingana: linaficha mapenzi, na papo hapo linayapa makao. Kamera inafanya kwa picha kile ambacho jina linafanya kwa sauti.

Bodi, mahakama na mwisho wa hadithi

Rafiki ilichaguliwa kwa kitengo cha Un Certain Regard katika tamasha la Cannes la mwaka 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kupata nafasi hiyo. Kabla haijaonyeshwa huko, mwezi Aprili, Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya iliipiga marufuku, kwa hoja kwamba ilikusudia kueneza usagaji kinyume cha sheria. Kahiu alikwenda mahakamani. Mnamo Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, akieleza kwamba hakushawishika kuwa Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha kutikiswa maadili yake kwa kuitazama filamu. Watu walijaa kumbini kwa wiki hiyo moja. Mwaka 2019 Mugatsia alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO, Ouagadougou. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliidumisha marufuku.

Mengi yameandikwa kuhusu kesi hii kwa upande wa uhuru wa kujieleza. Kwa upande wa uhakiki, jambo muhimu ni lile ambalo Kahiu amelieleza hadharani: bodi ilitaka mwisho wa filamu ubadilishwe, kwa kuwa ulikuwa na tumaini kupita kiasi. Filamu hiyohiyo, kama ingemalizika kwa majuto, ingekuwa na nafasi ya kupita. Kwa maneno mengine, dola haikulikataa penzi lenyewe wala kipigo. Ililikataa tumaini.

Na tumaini hilo ni nini katika picha? Miaka imepita, Kena amekuwa daktari. Yuko peke yake mahali pa juu penye uwazi. Sauti inamwita. Mkono unaingia kwenye picha na kumgusa bega, naye anageuka. Hakuna busu, hakuna ndoa, hakuna ahadi. Kuna mkono tu, ulioingia kutoka nje ya fremu. Ulinganifu wake na msitu wa Pumzi ni wa wazi: katika filamu zote mbili mwenye mamlaka amekwisha kuamua kwamba nje ya mpaka hakuna kitu, na katika zote mbili kitu kinatokea kwenye ukingo. Bodi iliusoma mwisho huo kwa usahihi kuliko wahakiki wengi. Ilitambua kwamba mkono ule ulikuwa na nguvu kuliko maonyesho yote yaliyoutangulia, kwa sababu haukuwa umeombewa kibali na mtu yeyote ndani ya picha.

Tamko na kazi

Kahiu ni miongoni mwa wasanii wachache wa Kenya waliojitungia nadharia. Tangu hotuba yake maarufu ya mwaka 2017 amekuwa akiitetea sanaa anayoiita Afrobubblegum, jina linalokumbusha ubani wa kutafuna, wenye rangi na utamu: sanaa ya Kiafrika ya kufurahisha, yenye ujasiri na ubunifu wa ajabu, isiyolazimika kubeba vita, umaskini wala maradhi. Amependekeza hata kipimo. Kazi iulizwe iwapo ina Waafrika wawili au zaidi wenye afya. Iwapo wana uwezo wa kifedha na hawahitaji kuokolewa. Iwapo wanafurahia maisha.

Tamko hili lina haki yake ya kihistoria. Ni jibu kwa miongo mingi ya mfadhili aliyetaka machozi. Lakini kipimo hiki kikitumiwa kwa filamu za mwenye kukitunga, matokeo yake ni ya kushangaza. Pumzi inashindwa: Asha anakufa peke yake jangwani. From a Whisper inashindwa: ni filamu ya msiba. Rafiki inapita kwa nusu ya kwanza na kuanguka katika nusu ya pili, pale umati unapofika garini. Filamu yake ndefu inayopita bila taabu ni Look Both Ways, ambamo shujaa wake Mmarekani anafanikiwa katika maisha yake yote mawili. Nayo ndiyo iliyo nyepesi kuliko zote, kwa kuwa hakuna jicho linalomwinda mtu wake. Macho yote yanamtakia heri, na kwa hiyo ukingo wa picha hauna kazi.

Kutokana na hayo ni dhahiri kwamba mhimili wa kazi ya Kahiu hauko kati ya furaha na uchungu, kama tamko linavyodai. Uko kati ya anayetazama na anayetazamwa. Furaha ya Kena na Ziki ina uzito kwa sababu imenyakuliwa mbele ya Mama Atim. Ikiondolewa hatari, unabaki utamu wa ubani: unatafunwa, unaisha.

Nje ya Nairobi: kutoka Magunga hadi Kuria

Hoja hii inafungua swali gumu zaidi, nalo ni la mahali. Kama tumaini hutoka ukingoni, ni nini kimeachwa nje ya ukingo wa Kahiu mwenyewe? Filamu zake za kubuni za Kikenya zinajua mahali pawili: Nairobi, na jangwa la mustakabali. Shamba halimo. Aliiendea nchi ya Waturkana katika kitabu cha watoto, The Wooden Camel, lakini kamera ya hadithi zake haijatoka jijini isipokuwa kwenda kwenye ishara.

Fikiria Magunga, mji mdogo wa Suba Kusini katika kaunti ya Homa Bay, upande wa Gwassi, nchi ya vilima vinavyoteremkia Ziwa Viktoria. Zile siku saba za Septemba 2018 zilikuwa siku za kumbi za mijini. Kwa mtu wa Magunga, marufuku na ruhusa zilikuwa habari za redioni, si tofauti ya kuona na kutoona. Hata hivyo Magunga ina paa zake, magari yake mabovu, makanisa yake na akina Mama Atim wake. Bodi ilitoa uamuzi kwa jina la maadili ya watu wa namna hii, na filamu ikajitetea kwa jina la uhuru wa watu haohao, huku wao wenyewe wakiwa nje ya picha pande zote mbili.

Ukishuka kutoka huko kuelekea kusini mashariki, kupitia Migori hadi mpakani mwa Tanzania, unafika nchi ya Wakuria, na huko ndiko alikotoka mwongozaji anayelijibu swali hili kwa njia nyingine. Beryl Magoko alisomea filamu Kampala, kisha Cologne, Ujerumani. Filamu yake ya hali halisi The Cut (2012) inahusu ukeketaji wa wasichana katika jamii yake ya Kuria, ilitoka mwaka mmoja baada ya Kenya kutunga sheria ya mwaka 2011 inayoukataza. Mwaka 2018, mwaka uleule wa Rafiki, alitoa In Search..., kwa ushirikiano na Jule Katinka Cramer. Humo Magoko mwenyewe yumo mbele ya kamera. Alikeketwa akiwa mtoto, akiamini kwamba kila mwanamke duniani hupitia jambo hilo. Akiwa mtu mzima anajua kuna upasuaji wa kurekebisha, na anaogopa kuumia tena. Anazungumza na wanawake wengine waliopitia hayo, kisha anarudi nyumbani kumkabili mama yake.

Kwa kipimo cha Afrobubblegum, filamu hii inashindwa swali kwa swali. Mada yake ndiyo hasa iliyozoeleka kupendwa na wafadhili. Lakini haifanani na filamu za wafadhili, na sababu ni ileile iliyoonekana katika Pumzi na Rafiki: swali la mwenye jicho. Katika filamu ya shirika, mwanamke aliyekeketwa hutazamwa na mtu asiyejeruhiwa. Katika In Search... anayetazama ndiye anayetazamwa, na anayeuliza ana jeraha sawa na la anayejibu. Mama haketishwi mbele ya mahakama ya watazamaji. Anaketi mbele ya mwanawe. Uchungu umeonyeshwa bila kugeuzwa mali ya mtu mwingine. Magoko amefika kwa njia ya jeraha mahali alipofika Kahiu kwa njia ya rangi.

Hitimisho

Mchango wa Wanuri Kahiu katika filamu ya Afrika Mashariki hautapimwa kwa wingi wa rangi zake wala kwa kelele za marufuku. Aliikuta sinema ambamo mwanamke alitazamwa ili aokolewe, akaitengenezea msamiati wa picha unaouliza ni nani anayetazama, kutoka wapi, na kwa kibali cha nani. Skrini za Maitu, kibanda cha Mama Atim na kiti cha bodi ni jicho moja katika maumbo matatu. Dhidi yake kuna macho ya mfanyakazi wa usafi, ukimya wa Tom, na mkono unaoingia kutoka nje.

Udhaifu wake uko pale anapoamini tamko lake kuliko kamera yake, na pale picha yake inapoishia kwenye mipaka ya jiji. Kazi ya Magoko inaonyesha kwamba mipaka hiyo si ya lazima, na kwamba furaha na uchungu si kambi mbili ambazo msanii wa Kiafrika analazimika kuchagua moja. Wanafunzi wa filamu watanufaika zaidi wakizisoma Rafiki na In Search... pamoja: mbili za mwaka mmoja, moja ya mtaa wa Nairobi na moja iliyochimbukia Kuria, zote zikidai haki moja ya kushika kamera kabla ya kushikwa nayo. Mchoro wa filamu ambayo Kenya bado inaihitaji uko kati ya hizo mbili: filamu itakayokwenda Magunga na kuwakuta watu wa huko wakiwa tayari wanatazama.